Ng'ombe Watano wa Mahafali ya Kabula

Sherehe ya mahafali ya dada yangu Kabula ilitugharimu ng'ombe watano. Watatu waliuzwa, mmoja aliliwa, na wa tano nitamsimulia tukifika kwake, maana mpaka leo ndugu zangu hawajakubaliana aandikwe upande gani wa hesabu. Ongeza kuku kumi na tisa, magunia mawili ya mchele, keki moja iliyofika imelalia ubavu, na sauti ya mama, iliyopotea siku tatu kwa ajili ya vigelegele. Baba mpaka anaondoka duniani alikuwa akishikilia kwamba kuku walikuwa kumi na wanane. Walikuwa kumi na tisa. Niliwahesabu wakiwa hai, nikawahesabu tena wakiwa kwenye beseni.

Kilichonirudisha huko ni harufu. Nauza nafaka sokoni Bariadi, choroko, dengu na mchele, na jirani yangu wa mkono wa kushoto anakodisha maturubai. Wiki iliyopita mvua ilimvamia akitoka kwenye shughuli, kesho yake akayaanika yote juu ya uzio, na jua la saa saba likayapiga. Ikapanda ile harufu: plastiki iliyopata moto, vumbi la zamani, na mafuta ya pilau za sherehe za watu wengine. Nilikuwa nabishana bei ya choroko na mteja mmoja mgumu kweli, nikajikuta nimemwachia kwa bei yake. Sijawahi kufanya hivyo tangu nianze biashara. Ameshaanza kurudi, anategemea nitasinzia tena.

Ninyi wa umri wangu, mliokulia vijijini kwetu kabla simu hazijajua kupiga picha, mtakumbuka turubai lilikuwa kitu gani. Siku hizi hata kikao cha vikoba kina turubai. Enzi zile pale kwetu Sapiwi watu walikaa kwenye kivuli cha nyumba, jua likihama nao wanahama. Mimi turubai nililiona mara moja tu, Bariadi mjini, nikiwa nimefuatana na baba kupeleka pamba. Tulipita kwenye uwanja wa nyumba fulani, ndani ya turubai kulikuwa na keki, na nyuma ya keki alikaa msichana aliyevaa nguo nyeupe akiangalia chini. Nikamuuliza baba, akasema ni harusi. Kwa hiyo nikaweka kichwani kwamba turubai, ukijumlisha keki, ukijumlisha dada wa watu aliyeinamisha uso, jumla yake ni harusi. Hesabu ilikuwa safi. Kasoro yake ni kwamba nilikuwa na mfano mmoja tu.

Kabula alikuwa mkubwa kwangu sana, yeye anasoma chuo cha uuguzi mimi ndiyo kwanza najifunza kujumlisha. Kati yetu alikuwapo kaka yetu mmoja, Maduhu, kijana mpole ambaye maneno yake ya wiki nzima yangeenea kwenye kikombe cha kahawa. Maduhu alikuwa amepata mchumba upande wa Mwanhuzi, msichana wa watu wenye mifugo, na alichokuwa anangojea ni mahari. Kwetu jambo hilo lina njia yake inayojulikana: binti akiolewa ng'ombe wanaingia zizini, na wale wale wanatoka kwenda kumwolea kaka yake. Kwa hiyo Maduhu alikuwa anamsubiri Kabula aolewe. Kabula naye, siku chache baada ya kumaliza chuo, aliambiwa kuna nafasi ya kazi hospitali moja mkoani Kigoma, na akitaka aripoti wiki ile ile baada ya sherehe.

Baba alikuwa amewakubalia wote wawili. Kwa Maduhu alisema ng'ombe wako watatoka kwa dada yako. Kwa Kabula alisema wewe soma, mengine yataangaliwa huko mbele. Kila mmoja aliambiwa siku yake, pasipo mwenzake kuwepo, kama mtu aliyeuza gunia moja kwa wanunuzi wawili na kuomba Mungu wasije asubuhi moja. Sasa huko mbele kulikuwa kumefika, na kulikuja na turubai.

Mimi haya niliyajua nusu nusu, kwa kusikiliza pembeni ya shikome, ule moto wa jioni wanapokaa wanaume. Neno mahafali nililisikia, ila hakuna aliyesumbuka kunieleza, nami sikuuliza kwa sababu jibu nilikuwa nalo. Turubai limekodiwa. Keki imeagizwa. Kabula ameshonewa gauni jeupe. Nani asiyejua kujumlisha? Raha niliyokuwa nayo wiki zile sijui niipimie debe gani. Nilikuwa naamka kabla ya jogoo kwenda kuangalia kama harusi imefika. Nilihesabu kuni. Nilihesabu masufuria ya kuazima, nikayatofautisha na ya kwetu kwa mikwaruzo. Nilikuwa nimeshajigawia hata faida: Kabula anaolewa, Maduhu anaoa, huyo mke wa Maduhu anachukua kazi yangu ya kuchota maji. Katika hesabu hiyo hakuna aliyepata hasara.

Palipungua kitu kimoja tu, bwana harusi. Naye akaja.

Alikuja asubuhi moja akisukuma baiskeli, mzee mwenye koti zito na mabuti ya mvua, ingawa mvua haikuwa hata na mpango. Jina lake Masunga, nilikuja kujua baadaye kuwa ni mnunuzi wa ng'ombe anayejulikana minada yote kutoka Bariadi mpaka Mwanhuzi. Baba hakumkaribisha kwenye viti, alimpeleka moja kwa moja zizini. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya kinu kilicholazwa, karibu kabisa, kwa sababu mtoto aliyekaa kimya juu ya kinu hahesabiwi kama mtu. Kabula akapita na ndoo ya maji kichwani, akapiga goti, akamwamkia. Masunga akamwangalia mpaka alipoingia jikoni.

"Huyu ndiye anayetuhangaisha?" akauliza.

"Ndiye," baba akasema.

"Umelea, mzee mwenzangu." Akageukia zizi. "Basi tuseme wanne."

"Wanne wengi. Watatu."

"Ongeza huyo mmoja. Nimetoka mbali."

"Watatu wananitosha kabisa," baba akasema, wakashikana mikono.

Sijawahi kuaibika vile. Naomba mwelewe baba yangu alikuwa mtu wa namna gani. Huyu aliwahi kurudi nyumbani kwa miguu kutoka mnadani kwa sababu mwenye pikipiki alikataa kupunguza nauli, na alitembea akiwa na furaha. Kwenye mizani ya pamba alikuwa anamwomba karani ashushe gunia, alipandishe tena, waangalie kama mshale umesema neno lile lile. Kila ninachojua kuhusu kununua na kuuza nilikipata kwa kumfuata nyuma. Na sasa mtu huyo huyo, anapewa ng'ombe wanne kwa binti wa chuo, anasema hapana, watatu wananitosha. Nikajua baba anaumwa.

Kumbe baba alikuwa anauza. Masunga alitaka kununua wanne, baba akataka kumuuzia watatu tu, apate fedha za turubai na mchele. Lakini hilo kwangu lilikuwa bado liko mbali.

Nilishuka kwenye kinu, nikazunguka nyuma ya ghala, nikamkuta Masunga kwenye njia ya mashamba ya pamba. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akaniita mayu, mama, kama wazee wa kwetu wanavyowaita watoto wa kike, akauliza nimetumwa nini.

"Sijatumwa. Watatu hawatoshi."

Akasimamisha baiskeli. "Hawatoshi kwa vipi, mayu?"

Nikamweleza. Dada yangu anajua kuchoma sindano, na hamuumizi mtu. Anasoma mwandiko wa daktari. Anapika. Baba leo hakuamka vizuri, zile si hesabu zake, asimchukulie maneno ya asubuhi. Masunga alikuwa ananisikiliza huku uso wake unabadilika kidogo kidogo, na kuna mahali macho yake yalifunguka, nadhani ndipo alipojua anafanyiwa biashara gani.

"Kwa hiyo wewe unasema wangapi?"

Nilikuwa nataka kumi. Lakini nilishafundishwa kwamba anayetaka kumi hataji kumi. "Kumi na watano," nikasema.

Mzee akageuka akaangalia shamba. Mabega yakawa yanatikisika. Nikamwonea huruma, nikidhani analia kwa ajili ya bei. Akauliza kwa sauti ya kukwaruza, kumi na watano atawatoa wapi mtu kama yeye. Nikamwambia akakope kwa ndugu zake, ndivyo wenzake wanavyofanya. Akajifuta macho kwa mkono wa koti, akasema basi ngoja akajipange. Nikarudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyeuza shamba zima la pamba kwa kilo. Sikumwambia yeyote. Dalali mzuri hatangazi mpaka mzigo ufike.

Masunga yeye hakuona sababu ya kunyamaza. Kesho yake mnadani aliwasimulia wenzake kwamba kwa mzee fulani Sapiwi binti wa sindano ni ng'ombe kumi na watano, ameambiwa na dalali wao mwenyewe, na dalali huyo hajaota meno ya mbele. Watu wakacheka. Lakini kicheko si mzigo unaosafiri mbali. Wale waliocheka wakaenda kuwasimulia wengine kwenye mnada uliofuata, huko wakacheka nusu, na habari ilipofika Mwanhuzi kwa mjomba na Nassa kwa shangazi hakuna aliyekumbuka kucheka. Ilikuwa habari tu: Kabula anaolewa, kumi na watano.

Siku yenyewe ilifika. Turubai lilikuja na trekta, jeupe lenye mistari ya buluu, na tundu moja upana wa sahani ambalo baba alikuwa amelitumia kushusha bei ya kukodi. Vijana walipolisimamisha nikaingia chini yake wa kwanza, nikavuta ile harufu mpaka kichwa kikawa chepesi. Jua lilipita kwenye tundu likaweka duara juu ya ardhi, na kutwa nzima duara lile lilikuwa linatembea juu ya wageni, kila aliyefikiwa anahamisha kiti. Jenereta liliwekwa nyuma ya choo. Spika mbili, kubwa kuliko mimi. Mama na wenzake walikuwa wamepika tangu alfajiri, na moshi wa nyama ya fahali ulikuwa unatoka hapo unakwenda kuwaita watu ambao hawakupewa kadi.

Kadi zilikuwa sitini. Mwalimu mmoja wa Bariadi, ndiye aliyekuwa mshereheshaji, alikuwa amemshauri baba hivyo: kadi sitini, sahani sitini, viti sabini kwa tahadhari. Lilikuwa wazo la mjini. Kijijini kwetu kadi ni heshima uliyotumiwa, kama salamu, na salamu huitikii peke yako. Unachukua kadi yako, unamchukua mkeo, watoto, mgeni uliyenaye, na jirani ambaye atajisikia vibaya akibaki. Juu ya hao kulikuwa na waliosikia kuna harusi. Hao walikuja na sufuria, na vyungu, na kanga pea pea, vitu vya kumpa bibi harusi wa kuanzia nyumba. Kikundi cha bugobogobo cha kijiji cha pili kilikuja na majembe yake ya kuchezea na ngoma zake, hakikuitwa na mtu. Kila mgeni alipoingia mimi niliona sawa kabisa. Mama alikuwa anaangalia masufuria, anaangalia njia, anaongeza maji.

Shangazi alifika kutoka Nassa na ndoo ya dagaa kichwani, na kwapani, ndani ya kanga, kamba mpya ya katani. Nilimsaidia kutua, nikauliza kamba ya nini. Akasema ya ng'ombe wake, dada wa baba hawezi kurudi mikono mitupu siku kama hii. Mjomba alifika kutoka Mwanhuzi na vijana wawili wenye fimbo. Hao walikwenda moja kwa moja kuangalia zizi, wakarudi wakamnong'oneza kitu, mjomba akakunja uso. Maduhu alikuwa amevaa shati jipya, na kwa mara ya kwanza nilimwona akitabasamu na watu. Na yeye alikuwa amesikia. Alikuwa anapanga viti huku midomo yake inahesabu.

Kisha mshereheshaji akatupigia wimbo, akatuomba tusimame, na Kabula akatoka ndani ya nyumba. Alivaa joho jeusi mpaka chini, na kichwani kofia ya ubao yenye kishada kinachomwingia jichoni. Gauni jeupe lilikuwa limefichwa lote. Nikashtuka kidogo, bibi harusi gani anavaa kiza. Lakini vigelegele vya mama vilikuwa vimeshapanda, ngoma ya bugobogobo ikajibizana na spika, majembe yakarushwa hewani yakadakwa, vumbi likasimama, na mimi nikawa naruka bila kujua naruka kwa nini. Mwili wote ulikuwa unawasha kwa furaha. Kabula aliangalia mbele. Hilo nililikumbuka baadaye, kwamba hakuinamisha uso.

Nilimtafuta bwana harusi kwenye kiti cha pembeni yake. Hakuwepo. Nikamwona Masunga karibu na masufuria, kavaa shati safi, anaguguna mfupa, kama mtu ambaye hana haraka na mke wake.

Ulipofika wakati wa nasaha, mshereheshaji akampa mjomba kipaza sauti. Mjomba hakukizoea, alikishika kama kibuyu. Akasalimia. Akashukuru. Akasema sherehe ni nzuri, nyama ni nzuri, joho ni zuri. Halafu akasema wao wametoka Mwanhuzi kabla ya jua, na vijana wake wameangalia zizi mara mbili.

"Hao kumi na watano tuliosikia wako wapi? Tuonyeshwe, tujue njia ya kurudi."

Baba akainuka nusu, akauliza kumi na watano gani. Mjomba akasema wa Kabula. Shangazi akasema hata Nassa habari ilifika. Baba akageuka huku na huku, na nikaona Masunga anaweka mfupa chini polepole, anajifuta mikono, anakuja. Alisimulia yote, zizi, njia ya pamba, sindano, mwandiko wa daktari, kukopa kwa ndugu. Alisimulia vizuri, kazi yake ni maneno. Alipofika kwenye kukopa watu walikuwa wameshika mbavu, na wote wananiangalia mimi, na mimi nilikuwa nimeshika mguu wa kiti najaribu kuelewa kwa nini biashara yangu inachekwa.

Lakini kicheko kilipoisha shangazi alikuwa bado amesimama. Hakuwa mwanamke mbaya, aliongea kama anayeuliza bei ya chumvi.

"Mtoto ni mtoto," akasema. "Ila jambo lenyewe si la kitoto. Kabula amemaliza kusoma. Maduhu amesubiri mpaka mchumba wake ameanza kutumiwa washenga na watu wengine. Mdogo wangu, sema mbele yetu. Kabula anaolewa lini?"

Maduhu alikuwa anaangalia viatu vyake. Kabula alisimama pale pale, kishada jichoni, mikono imeshikana mbele ya joho. Hata mtoto aliyekuwa amekosea yote tangu mwanzo aliona kwamba jibu la baba lingeamua dada yake anapanda basi la Kigoma au hapandi. Wanunuzi wawili wa gunia moja walikuwa wamefika asubuhi moja.

Baba alichukua kipaza sauti. Tukasikia pumzi yake kwenye spika.

"Maduhu nilimwambia ng'ombe wake watatoka kwa Kabula," akasema. "Kabula nilimwambia asome kwanza. Maneno yote mawili ni ya kwangu. Nimebanwa, na nimejibana mwenyewe. Wakwe nitawapokea siku Kabula atakapowaleta yeye. Leo kwa ajili yake ng'ombe haingii. Leo anatoka. Maduhu, kalete yule mtamba mwekundu."

Maduhu akaenda. Tulisikia mlango wa zizi ukilia. Akarudi anamvuta yule mtamba mwenye doa jeupe kwenye paji, aliyekuwa bora kuliko wote waliobaki, akampitisha katikati ya viti mpaka mbele. Baba akachukua kamba, akaiweka mkononi mwa Kabula, akasema hii ndiyo zawadi yangu ya mahafali, mmeona wote. Kwetu mtoto wa kike huletewa ng'ombe kwa baba yake. Kupewa ng'ombe wake mwenyewe, hadharani, mbele ya mjomba na shangazi, hilo hakuna aliyekuwa na mfano wake.

"Msichana na mtamba," mjomba akasema. "Atamfunga wapi, wodini?"

Watu wakacheka tena, na Kabula naye akacheka. Kisha akasogeza kishada.

"Wabeja, baba, asante. Ni wangu kabisa?"

"Nimesema mbele ya watu."

"Wa kufanya ninachotaka?"

"Ni wako, mwanangu."

Akageuka, akaiweka kamba mkononi mwa Maduhu, ambaye alikuwa bado hajaondoka pale. "Kaka, anza na huyu. Wengine nitawaleta mmoja mmoja kutoka Kigoma. Mwambie wifi asiende kwa watu."

Aliyepiga kigelegele cha kwanza ni shangazi, ambaye alikuja kuchukua ng'ombe na sasa aliona ng'ombe anampita. Vya mama vikafuata, na hapo ndipo sauti yake ilipokatika. Maduhu akamkumbatia yule mtamba shingoni kwa kuwa kumkumbatia dada yake mbele ya watu hakujua kunaanzia wapi. Mtamba, ambaye hakuwa na kadi, akajisaidia juu ya zulia jekundu la kukodi. Ngoma ikapigwa. Mwenye zulia baadaye alidai fidia, na baba akamwonyesha kwamba doa lile linalingana na mengine matatu yaliyokuja nalo.

Yaliyobaki ya siku ile nayakumbuka kama ladha. Pilau liliisha kabla ya mstari, wanawake wakasonga ugali, wakatoa na michembe, vile viazi vikavu vya akiba, na nyama ya fahali ikafika kwa wote kwa sababu mama aliigawa kwa jicho la mtu mwenye watoto wengi. Wakati wa kutunza watu walimchezea Kabula wakimletea vile vile vyungu na kanga vya harusi, hakuna aliyerudisha kitu nyumbani. Mshereheshaji alililia spika zake kwa ajili ya vumbi. Masunga aliniletea soda nzima, ya baridi, akasema ndiyo udalali wangu, na mpaka leo wazee wa Sapiwi wananiita Dalali. Shangazi alirudi Nassa na paja la nyama, amelifunga kwa ile kamba yake mpya.

Jioni nilimuuliza mama kwani bwana harusi alishindikana kufika. Akanieleza kwa mnong'ono, sauti ilikuwa haipo, kwamba bwana harusi hakuwepo tangu mwanzo, watu walikuja kwa sababu Kabula amesoma akamaliza. Niliomba arudie. Fahali mzima, turubai, spika mbili, kwa ajili ya kusoma? Nilikuwa nasoma bure siku zote hizo bila kujua mwisho wake kuna nyama. Jumatatu nilifika shuleni kabla ya mwalimu.

Kabula alipanda basi wiki ile. Alituma kama alivyosema, mmoja mmoja, kwa maana ya fedha za kununulia, na baada ya misimu miwili ya pamba Maduhu akaoa. Huyo wifi kutoka Mwanhuzi ndiye anayemlea mama sasa. Yule mtamba mwekundu, ndiye wa tano, alikwenda ukweni na kuzaa huko, kwa hiyo baba alimwandika kama gharama ya sherehe, Maduhu anamwandika kama mahari, na Kabula anasema ni faida.

Sasa sikilizeni, kwa sababu harufu ya turubai isingetosha kunikalisha niandike. Mwezi uliopita Kabula amenipigia simu. Ana miaka arobaini na kitu, ana nyumba yake, ana wauguzi anaowasimamia, na tulishazoea kwamba ndivyo alivyo. Ameniambia kuna mwalimu mmoja huko Kigoma, mgane mwenye watoto wakubwa, mtu mtaratibu, anataka kuja nyumbani na wazee wake. Baba hayupo. Kabula anataka atakayezungumza upande wetu niwe mimi. Nilitegemea wazee wakatae mwanamke kukaa pale, lakini Maduhu aliwaambia kwa maneno manne hivi kwamba mtu wa bei katika ukoo huu anajulikana, wakakubali.

Mjomba, ambaye siku hizi fimbo yake ni ya kuegemea, amesema nisishuke chini ya ishirini, binti ana mshahara. Maduhu amesema hata mmoja akiingia zizini kwake atashindwa kumwangalia. Nikitaja wengi, nitakuwa namtoza mwalimu wa watu kwa miaka ambayo dada yangu alijilisha na kutulisha. Nikitaja wachache, Mwanhuzi na Nassa watasema tumemtoa kwa kuwa amechelewa, na yeye atayasikia. Nikisema hatutaki kitu, wazee wa Kigoma watadhani hana kwao. Kabula mwenyewe nimemuuliza, akasema, "Wewe taja, mdogo wangu. Utakachotaja nitakikubali," akakata simu akaenda zamu.

Miaka yote hii kazi yangu imekuwa kuanza juu na kushuka taratibu mpaka mteja aone ameshinda. Safari hii sijui juu ni wapi. Wageni wanakuja Jumamosi ya wiki ijayo, mkeka nimeshaununua. Ninyi mliowahi kukaa upande huu, mkimsemea dada au binti ambaye hakuna anayemdai, niambieni kabla ya siku hiyo: mlianzia wangapi, na mlisimama wapi?